Shingo ya Injini Aliyoilainisha Mama

Sisi tuliokulia Malolo katika miaka ile ya hamsini hatukuhitaji saa kujua kwamba kumekucha. Tuliamshwa na vinu. Kilianza kimoja, mbali, upande wa kwa Shangazi Asumini. Kikajibu cha pili, cha tatu, na jua lilipotokeza kijiji kizima kilikuwa kinadunda. Mama zetu walitwanga makopa ya muhogo, walitwanga mtama, walitwanga mahindi, na walipomaliza nyusi zao zilikuwa nyeupe na viganja vyao vyekundu. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka harufu ile ya unga mpya unaopepetwa asubuhi. Wajukuu zetu wanaodhani unga unaota dukani ukiwa tayari kwenye mfuko, hao tuwasamehe bure.

Hatukuwa na vitu vingi, lakini sikumbuki kuwa tulijiona maskini. Msimu wa mabibo tulirudi nyumbani na magauni yenye madoa yasiyotoka, na kila mama alijua kwa kutazama gauni ni mkorosho wa nani tuliokuwa chini yake. Masika yakipita tulikwenda porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwitu, tukaichemsha na chumvi kidogo, tukala tumekaa chini huku tukipuliza vidole. Shuleni tulikwenda kwa miguu, kibao cha kuandikia kwapani, na mwalimu wetu alikuwa mkali juu ya Kiswahili. Nyumbani bibi alisema nasi Kimwera tu, kwa hiyo Kiswahili tulikivaa shuleni na kukivua njiani. Jioni tulicheza mdako na kombolela, na sisi wasichana tulicheza kupika. Huo mchezo wa kupika ndio ulioniletea mambo ninayotaka kuwasimulia.

Baba yangu aliitwa Ismaili, lakini watu wote walimwita Fundi. Ujana wake aliutumia Nachingwea, wakati misitu inang'olewa kwa matrekta ili zilimwe karanga. Alianza kama kijana wa kupaka grisi, akapanda kidogo kidogo mpaka akawa anafungua injini na kuifunga mwenyewe. Kazi zilipopungua, wenzake walirudi makwao na mablanketi na baiskeli. Baba alirudi na gunia la spana. Baadaye akarudi tena Nachingwea, na safari hiyo alikuja juu ya lori akiwa amekaa ubavuni mwa injini chakavu ya dizeli, yenye pistoni moja na gurudumu zito kama jiwe la kisima, akiishika kama mtu aliyeshika ng'ombe asiruke. Aliijengea banda la nyasi nyuma ya nyumba yetu, akaifunga kwa mkanda kwenye mashine ya kusaga, na Malolo ikapata mashine yake ya kwanza.

Wanawake hawakuja mara moja. Walisema unga wa mashine unanuka mafuta, eti ugali wake haushibishi. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Shangazi Asumini, dada yake Baba aliyemzidi miaka kumi na ambaye hakuwahi kusahau kwamba alimbeba mgongoni. "Nitaonja siku nitakapokosa mikono," alisema. Lakini mmoja alileta kapu, akafuata wa pili, na baada ya miezi michache hata Shangazi alileta debe lake, akajifanya amelileta kwa niaba ya jirani.

Mwaka ninaousema, mimi Somoe nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa kiangazi, mavuno yamekwisha ingia ndani, na wavulana kumi na mmoja walikuwa jandoni, mmoja wao Saidi, mtoto wa pekee wa kiume wa Shangazi Asumini. Siku ya kuwatoa ilikwisha pangwa. Mnajua siku kama hiyo ilivyokuwa: wageni kutoka Marambo, kutoka Mnero, kutoka vijiji ambavyo hata majina yake hujayasikia, na wote wanataka kula. Zamani wanawake walitwanga wiki mbili mfululizo kabla ya siku hiyo. Mwaka ule Baba alisimama mbele yao akasema, "Dada zangu, mama zangu, msijichoshe. Leteni nafaka kwangu. Siku tano kabla ya sherehe nitakuwa nimewasagia yote." Wakamwamini. Magunia na makapu yakajaa bandani mpaka ukawa hupati pa kukanyaga.

Nyuma ya banda lile palikuwa na mchanga mzuri, mlaini. Mimi na rafiki yangu Fatu tulikuwa tunapika hapo. Tulikuwa na vifuu, majani ya mboga, lakini chungu kizuri hatukuwa nacho, maana vya Mama vilikuwa vya kuuza. Mimi nikaingia bandani nikachukua kopo la Baba la kumiminia oili, lile lenye mdomo mrefu. Baba alikuwa amelikataza mara nyingi. Tukapikia ugali wa mchanga, tukakoroga, tukala kwa kujifanya, tukasifu mapishi. Mama aliponiita nikalimwaga, nikaligonga kwenye nguzo, nikalifuta ndani kwa pindo la gauni, nikalirudisha rafuni. Nililitazama nikaona ni safi.

Kesho yake asubuhi Baba alilitumia kopo lile kuijazia injini oili, akaanza kusaga nafaka ya sherehe.

Injini ile ilikuwa na sauti yake, tuku, tuku, tuku, hata sisi watoto tulilala mchana nayo bila kushtuka. Kabla ya jua kufika utosini sauti ilibadilika. Baba alikuwa anazungumza na mama mmoja mlangoni, akanyamaza katikati ya neno. Ndani ya ile tuku tuku mlikuwa na kitu kinagonga, kikavu, kama mtu anayebisha hodi na ufunguo. Akakimbia akaizima. Akasubiri kidogo, akataka kuiwasha tena asikie vizuri. Ile hendeli ya kuwashia, injini ikiwa na hasira, humrudia mtu. Ilimrudia. Nilisikia Baba akipiga yowe moja tu, na alipotoka nje kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimekwisha vimba kama embe.

Mganga wa mifupa alimfunga kwa vijiti vya mianzi na kamba ya gome, akamwambia asiutumie mkono ule mpaka miezi miwili ipite. Baba hakumsikiliza hata kidogo, macho yake yalikuwa bandani.

Mchana ule ule, kwa mkono wa kushoto, akimwelekeza Mjomba Rashidi, kaka yake Mama, alifungua mlango mdogo uliokuwa ubavuni mwa injini. Ndani mna chuma kipana kilichopinda, ndicho kranki, kinachozungushwa na pistoni. Mahali ambapo mkono wa pistoni unakishika chuma hicho Baba alipaita shingo. Shingo ile imekumbatiwa na vipande viwili vya bering, mfano wa kikombe kilichopasuliwa katikati, na ndani yake mmepakwa madini meupe laini, jamii ya risasi. Shingo na bering hazitakiwi kugusana. Kati yake hukaa oili, nyembamba kuliko karatasi, na juu ya oili hiyo ndipo kazi yote inapotembea.

Baba alichovya kidole kwenye oili iliyotoka, akakisugua na kidole gumba. Akasugua tena.

"Mchanga," alisema.

"Umetoka wapi?" Mjomba Rashidi aliuliza.

"Sijui. Pengine upepo. Pengine sikufunika debe la oili."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikalikunja pindo la gauni langu nikalificha mkononi.

Mjomba Rashidi alishauri kranki ing'olewe ipelekwe Lindi kwenye karakana yenye mashine ya kukereza vyuma. Baba akatikisa kichwa. Kusubiri lori, kwenda, kungoja zamu, kurudi, huo ni mwezi mzima, na sherehe ilibakiza siku tisa. "Na haijafika huko," alisema. "Angalia. Haikuchimbika. Imekwaruzwa tu. Majeraha ya juu juu haya mtu anayalainisha kwa mkono. Nimeyafanya Nachingwea, si mara moja." Kisha akautazama mkono wake uliofungwa mianzi.

Mjomba alijaribu. Alikuwa mkulima hodari, kiganja chake kama jembe, lakini kiganja hicho hakikupenya vizuri kwenye ule mlango mdogo. Alipofanikiwa kukipenyeza Baba alimwuliza, "Unaisikia mikwaruzo?" Mjomba akasema, "Mimi nasikia chuma tu."

Mama alikuwa ameketi nje akifinyanga. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake viliuzwa mpaka sokoni Ruangwa. Alisikia yote. Akanyanyuka, akanawa udongo mikononi, akaingia bandani bila kuulizwa, akaupitisha mkono wake mwembamba ndani ya tumbo la injini.

"Ipo mitatu," alisema baada ya muda. "Mmoja mrefu unaozunguka, na miwili mifupi iko karibu karibu. Na huku pembeni pana kinundu, kidogo kama chembe ya ufuta."

Baba alimtazama. "Mama Somoe, umejuaje?"

"Chungu kikiwa na kinundu kama hiki kitapasuka motoni. Mimi kazi yangu ni kuvitafuta."

Kipindi kile mwanamke kuingiza mkono kwenye injini lilikuwa jambo la kuchekwa. Hata Mjomba alikohoa kidogo. Baba naye, nilimwona, alitaka kukataa. Baba alikuwa mtu wa heshima zake. Lakini akatazama magunia, akatazama mkono wake, akavuta kigoda akakaa chini, akasema, "Basi njoo nikuonyeshe."

Kazi ile ilichukua siku tatu, na kwangu mimi zilikuwa ndefu kuliko mwaka.

Siku ya kwanza Mama alitoa mfukoni lile jiwe lake la mtoni analolainishia vyungu, akataka kuanza. Baba aliruka kwenye kigoda. "Hapana! Mama Somoe, hiyo si chungu!" Mama akacheka mpaka akashika ukuta, na Baba naye akacheka, mara ya kwanza tangu avunjike. Akampa msasa wa kitambaa, ule mlaini kuliko yote, akamwambia aukate utepe, auloweshe oili, auzungushe kwenye shingo, kisha avute ncha hii na ncha hii, kama mtu anayepiga viatu rangi. Asiukandamize. Na kila akivuta mara ishirini ahamie upande mwingine. "Ukikaa pale pale," Baba alisema, "utaila upande mmoja, shingo itakuwa yai, na hiyo hakuna dawa yake hapa."

Basi Mama alipiga magoti kwenye mkeka, shavu lake karibu liguse chuma, akavuta. Alihesabu kwa Kimwera, kwa sauti ya chini, ishirini, akahama, ishirini, akahama. Kila baada ya muda alifuta kwa kitambaa, akapitisha kidole. Baba aliuliza, "Bado?" Mama akajibu, "Bado." Watu walipita. Wengine walichungulia wakaondoka wakificha kicheko. Mzee mmoja alimwambia Baba, "Fundi, siku hizi mkeo ndiye makenika?" Baba akajibu bila kugeuka, "Ndiye. Na wewe usimzibie mwanga."

Mimi sikula. Mama alidhani nina homa. Nililala kwenye jamvi nikisikia ule msasa, fyu, fyu, fyu, na kila mvuto ulinipitia mgongoni.

Siku ya pili alasiri walikuja wanawake, wamefuatana, Shangazi Asumini mbele. Siwalaumu. Nafaka yao yote ilikuwa mle bandani na siku zilikuwa zinakwisha.

"Ismaili," Shangazi alisema, hakumwita Fundi, "mwanangu anatoka jandoni wiki ijayo. Wageni watakula nini? Injini ya mkeo?"

Baba alisimama. Akaushika mkono wake mbovu kwa mkono mzima, akasema mbele yao wote, "Dada, kosa ni langu. Sikufunika debe la oili, mchanga ukaingia. Niliwaahidi, na nimewaangusha. Kama mnataka kuchukua nafaka mkatwange, chukueni, sina la kusema. Nawaomba radhi."

Sikuwahi kumwona Baba ameinamisha kichwa mbele ya watu. Shangazi alifungua mdomo, na nilijua kitakachotoka humo kingesimuliwa Malolo kwa miaka. Nikajikuta nimesimama katikati.

"Si Baba," nilisema. "Ni mimi. Nilipikia mchanga kwenye kopo la oili."

Fatu, aliyekuwa amejificha nyuma ya mama yake, akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa ushahidi tosha.

Nilingoja kofi. Enzi zile hatukuuliza kama kofi litakuja, tuliuliza litatoka upande gani. Baba akanishika bega, akanipeleka kwenye mlango wa injini, akakichukua kidole changu akakiweka juu ya shingo ile.

"Unasikia?"

Ilikuwa baridi, ina utelezi wa oili, na chini ya kidole changu palikuwa na mstari mwembamba, mwembamba kuliko unywele. "Nasikia," nilisema.

"Umeona alama ndogo ilivyo? Mama yako ana siku mbili amepiga magoti kwa ajili ya hiyo."

"Nisamehe, Baba."

"Mbona hukusema tangu juzi?"

"Niliogopa."

Baba akasema taratibu, kama anayesema na mtu mzima, "Nami niliogopa. Nilidhani nimeanza kuzeeka, nasahau kufunika debe. Umenitua mzigo, Somoe." Akageukia wanawake. "Mmesikia. Bado ni kosa la nyumba yangu. Nipeni kesho na kesho kutwa."

Shangazi Asumini alikuwa na maneno mengi, lakini aliyatafuna akayameza. Akamtazama Mama, ambaye wakati wote huo hakutoka kwenye mkeka, kitenge chake kimelowa mafuta na magoti yake yamechubuka. Akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Wifi, umekula?" Mama akasema bado. Shangazi akaondoka, akarudi na ugali wa mtama na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, akampa Mama tonge mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mikono ya Mama ilikuwa myeusi.

Adhabu niliipata, msidhani nilipona hivi hivi. Siku ya tatu yote niliosha. Niliosha kwa mafuta ya taa kila kipande kilichofunguliwa. Ndani ya shingo ya kranki mna tundu dogo la kupitishia oili. Baba alinipa unyoya wa kuku nilisafishe, na kila nilipomwambia limesafika aliuvuta unyoya akaukagua kwenye jua, akanirudishia. Niliichuja oili mpya kwa kipande cha kaniki mara tatu. Tangu siku hiyo mpaka leo sijui kuosha kitu nusu nusu, watoto wangu wanalalamika.

Mama naye alihamia kwenye bering. Chembe za mchanga zilikuwa zimejikita kwenye yale madini meupe, akazichokoa moja moja kwa ncha ya kisu. Kisha Baba akamfundisha jambo ambalo nililiona kama uganga. Walichanganya masizi ya chungu na tone la oili, wakapaka shingo, wakafunga bering, Mjomba akazungusha gurudumu mara moja, wakafungua. Palipokuwa na weusi ndipo palipoinuka. Mama akapakwangua kidogo sana, kwa kikwangulio alichokitengeneza Baba kutoka kwenye tupa kuukuu. Wakapaka tena, wakafunga, wakafungua. Mara sita, mara saba. Mwishowe weusi ulienea kila mahali sawasawa, kama kivuli.

Jaribio la mwisho lilikuwa la shingo. Baba alichukua senti ya shaba, ile yenye tundu katikati, akamwambia Mama aisugue juu yake. Kama bado pana makali, shaba itakwaruzika na kuacha mstari mwekundu. Mama alisugua. Akafuta jasho la usoni kwa kiwiko, akasogea ili Baba aone. Hapakuwa na mstari. Shingo ilikuwa ya rangi moja, inang'aa kama maji yaliyotulia. Baba akasema, "Nachingwea wangekuajiri."

Asubuhi ya siku ya nne injini iliwashwa. Mjomba Rashidi ndiye aliyeshika hendeli, baada ya kuonywa mara kumi asiweke kidole gumba pabaya. Ilikohoa, ikatoa moshi, ikashika. Tuku, tuku, tuku. Baba aliinamisha sikio, akafumba macho. Aliiacha ijitembelee polepole bila mkanda kwa muda wa kuchemsha sufuria ya maharage, akaizima, akafungua mlango wa ubavuni. "Mama Somoe, pima joto." Mama akaingiza mkono, akaushikilia huko.

"Vuguvugu," alisema. "Kama mtoto aliyetoka kulala."

Baba akafunga mlango, akarudisha mkanda, akasema, "Nani wa kwanza?"

Shangazi Asumini alikwisha jitwika kapu lake.

Tulisaga siku nne mfululizo, tangu jua kuchomoza mpaka kuchwea. Kila baada ya saa mbili Baba alisimamisha mashine na Mama akaingiza mkono. Siku ile wavulana walipotolewa, wamenyolewa, wamepakwa mafuta, wanang'aa, wageni walikula wakabakiza. Shangazi Asumini alicheza mpaka kilemba kikadondoka, na katikati ya ngoma alimvuta Mama kwa mkono, yule mama yangu mwenye haya, akamzungusha mbele ya watu akipaza sauti, "Mwangalieni huyu! Ugali mliokula ni wa mikono hii!"

Injini ile ilisaga miaka mingi baada ya hapo. Mkono wa Baba ulipona ukiwa umepinda kidogo, haukurudi nguvu zake zote, na kuanzia hapo kazi za bandani walizifanya wawili. Watu walianza kumwita Mama jina la Mama Fundi, mwanzo kwa utani, baadaye bila utani. Mwenye mashine mmoja wa Ruangwa alipopata ugonjwa kama wetu alituma mtu, na ujumbe haukuwa kwa Baba. Ulisema, "Aje yule mama mwenye vidole." Niliwasindikiza mpaka njia panda. Mama alitangulia, mikono mitupu, amevaa kitenge kipya. Baba alifuata nyuma na gunia la spana begani, na kila aliyemsalimu alijibiwa kwa majivuno kabisa, "Nampeleka fundi kazini."

Wote wawili wamelala Malolo sasa. Mashine za kusagia leo ni nyingi kuliko misikiti na makanisa, na nyingi zinakwenda kwa umeme, unabonyeza tu. Nina mjukuu pale Nachingwea mjini, fundi wa pikipiki, kijana mzuri, mchangamfu, simu haimtoki mkononi hata akiwa amelala chini ya injini. Juzi nilikaa kibandani kwake nikamwona ametoa kranki ya pikipiki, akaitazama kidogo, akaitupa kwenye rundo la vyuma.

"Imekatika?" nilimwuliza.

"Hapana, Bibi. Imekwaruzika tu."

"Si uilainishe?"

Akacheka, si kwa ubaya. "Bibi, nani ana siku tatu? Mteja yupo hapo anasubiri, ana abiria wake. Tunafunga mpya, maisha yanasonga."

Sikubishana naye. Anasema kweli, vipuri vimejaa madukani, na mteja wake alikuwa kweli amesimama pale, anatazama saa kila mara. Enzi zetu vitu vilikuwa vichache, kwa hiyo tulikuwa na muda navyo. Wao vitu wanavyo, muda ndio wameukosa, na sijui nani kati yetu ni wa kuonewa huruma.

Niliinama kwenye rundo lile nikaiokota ile kranki, nikaipitishia kidole. Mjukuu wangu alinitazama akidhani nimepoteza kitu. Ulikuwa mkwaruzo mmoja tu, mwepesi. Mama angeumaliza kabla ya adhuhuri.